Nyumba Iliyokuwa Duka la Milango

4 Februari

Dada yangu,

Naamini barua hii inakukuta mzima, na huko kwenye chumba chako cha kufulia mvuke haujakuivisha. Sisi tupo. Mama hajambo, ila goti la kushoto linamsumbua akipanda ngazi ya uani, na ukimuuliza anasema goti halina neno, ngazi ndiyo mbaya. Wiki hii amegombana na jirani kuhusu kuku anayekuja kutaga kwenye sanduku letu la mbao chakavu. Mama anasema yai ni la mwenye sanduku, jirani anasema yai ni la mwenye kuku. Kuku mwenyewe hajali, anaendelea kutaga, na Mama anaendelea kukaanga.

Najua unashangaa kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Simu ipo sebuleni na Mama yupo sebuleni, na ukiinua tu mkono wa simu anaacha kila kitu na kukaa karibu yako eti anapunga upepo. Kwa hiyo majibu yako usiyalete nyumbani. Yapeleke kwa fundi baiskeli aliye jirani na karakana yangu, atanipa mkononi.

Sasa kaa chini, Dada. Nimefilisika. Sisemi hali ni ngumu, wala sisemi biashara imepoa. Nasema mahakama imenitangaza mufilisi kwa jina langu kamili, kwa sauti, mbele ya watu.

Unakumbuka niliandika mwaka jana kwamba nimepata kazi kubwa, milango ya jengo zima la ghorofa? Nilikopa fedha za mbao na za vibarua, tukafanya kazi mpaka vumbi la msumeno likawa kwenye chai. Tumefika kupachika mlango wa kwanza, mfupi. Wa pili, mfupi. Yote mifupi kwa vidole viwili, Dada, kila mmoja. Unaweza kumwona mtu wa chumba cha pili viatu vyake. Kontrakta akaikataa yote.

Nilipima kwa ufito wa Baba. Najua utasema nini. Lakini mimi nimekua nikiambiwa tepu inavutika na ufito hausemi uongo. Kumbe kila ncha ilipochanika Baba alikuwa anaikata kidogo, na alama za futi anazichora upya kwa kukisia. Haikuonekana kwa sababu yeye alitengeneza mlango na fremu yake pamoja, kwa ufito uleule. Jengo hili fremu zake zilikuwa za chuma na zimefungwa na watu wengine. Ndiyo mara ya kwanza ukoo wetu kupimwa na watu wa nje.

Mahakama imemweka bwana mmoja asimamie mali yangu, wanamwita mfilisi. Ni mtu mpole, ana kikohozi, na anaomba radhi kabla ya kila swali. Ameniambia njia ni mbili. Tukiuza nyumba, nusu yangu italipa deni, nusu yako utapewa wewe, na mimi nitabaki na mashine na karakana niendelee na useremala. Tukiishika nyumba, basi mashine na karakana zinauzwa, na deni litakalobaki nitalilipa kwa mshahara wa kuajiriwa, miaka mitano. Kwa kuwa Baba aliiandika nyumba kwa majina yetu sisi wawili, haiuzwi bila sahihi yako. Tumepewa mpaka katikati ya Julai. Baada ya hapo hakimu ataamua mwenyewe.

Mama hajui lolote, na nakuomba asijue. Niambie tufanye nini.

Mdogo wako,
Randa


1 Machi

Mdogo wangu Randa,

Barua yako imefika na alama ya kidole cha fundi baiskeli, mafuta matupu, nikadhani ni muhuri wa posta. Mimi nipo salama. Huku kazi ni ileile, mashuka ya hospitali hayaishi, tunafua leo yaliyofuliwa jana. Wiki iliyopita daktari mmoja alisahau funguo za gari kwenye koti. Tulizifua, tukazianika, na msichana wangu mmoja mwenye bidii akazipiga pasi. Amekuja kuzichukua bado za moto.

Nimeisoma habari yako nimesimama, kwa sababu sipendi kuamrishwa kukaa na mdogo wangu, halafu nikakaa mwenyewe. Nilipofika kwenye ufito nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka hadi wenzangu wakaja kuniangalia. Kisha nikalia kidogo. Pole sana, mdogo wangu. Vidole viwili! Miaka yote ile Baba anatuambia watu wa mjini wanajenga marefu bila sababu.

Sasa sikia. Usiuze.

Nyumba gani nyingine duniani kila chumba kina mlango wa aina yake, kwa sababu mwenye nyumba alikataa kulipa kodi ya duka? Mpaka leo huku nikiwasimulia watu kwamba tulikulia ndani ya sampuli, hawaamini. Nawaambia, mteja anaingia kutoka barabarani, anafungua mlango wa chumba chako wakati unachana nywele, anaufunga, anaufungua tena, anasema bawaba hizi safi, na kwenda zake kujaribu wa jikoni. Wanaangua kicheko. Nikimaliza kuwasimulia najisikia mtu mwenye kwao.

Halafu kuna Mama. Mama aliingia pale akiwa bibi harusi. Kila msumari anaujua. Mzee humhamishi kama kabati, ukimng'oa pale atanyauka mbele ya macho yako, na mimi nitakuwa mbali nikipokea habari kwa simu. Sahihi yangu ya kuuza hupati. Mashine ni vyuma, zitanunuliwa nyingine. Na mimi nikistaafu nitarudi chumbani kwangu, mlango wa vioo vinne, usije ukampangishia mtu.

Natuma na fedha kidogo. Usimwambie Mama zimetoka wapi, mwambie umeuza mlango.

Dada yako


6 Aprili

Dada Kamanda,

Salamu nyingi, na samahani kwa kuchelewa. Fundi baiskeli alikwenda kumzika mjomba wake na barua yako ikafungiwa dukani pamoja na baiskeli za watu. Alirudi na mafua lakini barua ilikuwa nzima. Mama anakusalimu, anasema sauti yako kwenye simu imekonda. Kesi ya kuku imechukua sura mpya, jirani amemfunga kuku kamba mguuni, na Mama anasema huo ni ukatili, amejaa huruma kuanzia siku mayai yalipokatika.

Fedha nimepokea. Nilimwambia Mama nimeuza mlango, akaniuliza upi, nikasema wa kawaida tu, akasema "hm." Unaijua "hm" yake. Nilitoka kwenda kuangalia kama mvua itanyesha.

Sasa nikupe kichekesho. Mfilisi alimtuma mthamini aje kuikadiria nyumba, maana hata tukiishika lazima thamani yake ijulikane. Nilipanga nimpeleke Mama kliniki siku hiyo kwa ajili ya goti. Mthamini akaja siku moja kabla. Mimi nipo karakana. Nimerudi mchana, namkuta bwana na suti yake yupo chumbani kwa Mama, anafungua na kufunga mlango, na Mama amesimama nyuma yake anamweleza mbao ilikotoka.

Moyo ulinishuka hadi kwenye soksi. Lakini Mama alikuwa ametulia kabisa. Amezoea, si ndiyo? Miaka yote watu wanaingia, wanafungua, wanafunga. Alimdhania mteja. Amemtembeza nyumba nzima, amemwonyesha mlango wa jikoni usiopiga kelele, amemnywesha chai, na bwana wa watu alikuwa na haya ya kumkatiza. Aliniangalia kwa macho ya kuomba msaada. Mama akaniambia, "Huyu mgeni anataka kitu imara, mwambie hapa hatuuzi takataka." Nikasema ndiyo Mama. Mthamini akaandika.

Alipoondoka Mama alimsindikiza hadi nje na kumwambia paa ni la juzijuzi. Sijui kwa nini alimwambia habari za paa. Labda ni furaha ya kupata mteja.

Basi, Dada, umeamua na mimi nimekubali. Tunaishika nyumba. Nimemjulisha mfilisi, ameomba radhi na kusema mwezi ujao watakuja kuchukua mashine. Nimeshapata kazi kiwanda cha makochi, napigilia fremu. Ni kazi nyepesi. Unapewa mbao zimekatwa tayari na mashine, unapiga misumari pale walipotia alama, unasogeza kwa mwenzako. Hakuna kufikiri, kwa hiyo akili inapumzika. Chakula cha mchana wanatoa.

Ndiyo hivyo. Sina jingine.

Randa


25 Aprili

Randa,

Sisi wazima, mashine moja ya kukaushia imekufa na tunaianikia hospitali nzima mashuka juani, uwanja umekuwa mweupe. Hayo yatosha.

Jana nimeongea na Mama. Ameniambia habari za kuku, za goti, za bei ya sukari. Nilipotaka kukata akasema, "Ndugu yako ameacha kupiga mluzi." Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Wewe ndiye unayeandikiana naye," akakata simu yeye.

Kwanza, amejuaje kwamba tunaandikiana? Huyo fundi baiskeli wako ana mdomo. Pili, mimi nimekujua kabla hujajua kuvaa suruali. Ulipiga mluzi ukiwa na surua. Ulipiga mluzi kwenye mtihani mkafukuzwa wewe na mwenzako. Barua yako ya mwisho inasema kazi nyepesi, akili inapumzika, chakula wanatoa. Hiyo si barua yako, hiyo ni barua ya mtu aliyelazwa.

Nikuulize, na unijibu kama mwanamume. Kama Mama asingekuwepo, na mimi nisingekuwepo, na nyumba ni yako peke yako, ungeshika nini?

Dada


3 Juni

Dada,

Nakusalimu, na tunamshukuru Mungu kwa uzima. Usiniulize kwa nini kimya kimekuwa kirefu. Nimeanza barua hii mara kadhaa na kila nikifika kwenye swali lako nakumbuka kwamba nina kitu cha kufanya uani.

Habari kwanza. Ile milango mifupi imeanza kupata wenyewe. Mfugaji mmoja wa kuku wa mayai amechukua mingi kwa ajili ya mabanda yake, anasema kuku hawajawahi kulalamikia vidole viwili. Mfilisi alifurahi, akakohoa, akaniambia pengine nimekosea wateja tu. Fundi baiskeli ameapa hajasema neno kwa Mama, na mimi namwamini, maana hata mkewe hamwambii anapokula mchana.

Watu wameendelea kuja kuiona nyumba. Mfilisi anasema hakimu hajapitisha uamuzi wetu, kwa hiyo ni lazima nyumba ionwe na wanunuzi hadi tarehe ifike. Kila anayekuja Mama anampokea. Mimi nimeshaacha kupanga kumtoa nyumbani, namwacha aendelee kuamini ni wateja wa milango. Juzi alikuja mkunga wa zahanati na mumewe, wana watoto wengi na kelele nyingi. Watoto walifungua na kufunga milango yote kwa pamoja mpaka nyumba ikawa inapiga makofi. Mama aliwaangalia, akamwambia yule mkunga kwamba chumba cha nyuma kinapata upepo mzuri na kisima hakijawahi kukauka. Mwanamke akauliza mambo ya jua la mchana. Nikajisemea, Mama atafikiri wateja wa siku hizi wanauliza mlango maswali mengi.

Haya. Swali lako.

Mashine walikuja kuzipima wiki iliyopita ili ziuzwe. Nilisaidia kuzifuta vumbi. Walipowasha ile ya kuranda wajue kama ni nzima, Dada, nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo. Mimi ni seremala. Sina kitu kingine ninachokijua. Kule kiwandani wananiita "wewe," na wana haki, kwa sababu anayefanya kazi ile anaweza kuwa yeyote. Nyumba naipenda, nimezaliwa pale, lakini nyumba hainihitaji mimi asubuhi. Mashine zinanihitaji. Ungeniuliza peke yangu ningeuza nyumba kesho na ningelala usingizi.

Lakini si peke yangu. Deni nimelileta mimi, kwa ufito wangu na kichwa changu kigumu. Nikimtoa Mama kwenye nyumba ya mumewe ili mimi nibaki na msumeno wa umeme, nitakuwa mtu wa namna gani? Kwa hiyo jibu nimekupa kwa sababu umeliuliza, sasa litupe. Tunaishika nyumba. Mluzi utarudi wenyewe.

Randa


17 Juni

Mdogo wangu,

Nimekusoma kwenye kamba za kuanikia, nimejificha katikati ya mashuka mawili meupe ili wafanyakazi wangu wasinione. Mimi mzima wa mwili.

Nilikuandikia usiuze kwa ajili ya Mama. Nusu yake ilikuwa kweli. Nusu nyingine ni mimi. Huku nina chumba cha kupanga na godoro zuri, na ninaheshimiwa, lakini siku nikiudhika kazini najiambia, mimi nina kwetu, kuna mlango wa vioo vinne unaningoja. Nikiambiwa umeuzwa, nitakuwa mgeni kila mahali. Niliogopa hilo, basi nikakuandikia kwa ukali, nikamweka Mama mbele. Na wewe ukaamini, ukaenda kupigilia makochi. Nisamehe.

Sasa nijibu hili. Tumeandikiana tangu Februari. Mama atanyauka, Mama hawezi, Mama asijue. Mimi nimesema Mama anataka nini, wewe umesema Mama anataka nini. Kuna yeyote kati yetu aliyemuuliza Mama? Tumemfanya mwanamke yule mzigo wa kubebwa, naye ni mtu aliyembana jirani mayai ya kuku asiye wake.

Muulize. Usizunguke, usiende uani, usitazame mvua. Kaa naye umweleze yote, deni, ufito, mahakama, kila kitu. Akisema tuishike, nitaacha kazi huku nije tulipe pamoja. Akisema tuuze, nitatia sahihi siku hiyohiyo, hata kama nitalia, na nitalia.

Muda umebaki kidogo. Nenda leo.

Dada yako anayekupenda, hata kama anaandika kama askari


24 Juni

Dada,

Nimemuuliza. Naomba uitafute kalamu kabisa kabla hujaendelea kusoma, halafu soma.

Jumapili baada ya chakula nilimwambia Mama nina jambo. Akasema, "Lete na kiti chako, usisimame kama mdai." Nikaleta kiti. Nikaanza na ufito, nikaenda kwenye jengo, nikaenda mahakamani. Yeye alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Nilipofika kwenye mfilisi akasema, "Yule mwenye kikohozi. Nilimpa tangawizi."

Nikamwuliza, Mama, ulijua?

"Mwanangu," akasema, "mimi nimeishi na wateja wa milango maisha yangu yote. Mnunuzi wa mlango hatazami dari."

Dada, alijua tangu siku ya mthamini. Aliona bwana anafungua mlango kwa mkono na macho yapo juu kwenye dari, akaelewa kila kitu. Alitungoja tumwambie. Alingoja Aprili, akangoja Mei, akaanza kuona labda sisi tunamwona mtoto. Ndiyo maana alikuwa anawaambia habari za paa na kisima. Mimi nilidhani anauza milango, kumbe mwenzangu anapandisha bei ya nyumba. Na alijua tunaandikiana kwa sababu wewe kwenye simu uliacha kuuliza habari zangu. Fundi baiskeli tumemwonea bure.

Nikamwambia tumeamua kuishika kwa ajili yake, kwamba nitapigilia makochi miaka mitano na wewe utarudi kunisaidia. Hapo ndipo aliweka ungo chini. Sikumbuki kama umewahi kumwona Mama amekasirika kweli. Hakupaza sauti.

Alisema, na nakuandikia kama alivyosema:

"Kwa ajili yangu? Baba yenu nilimpenda, Mungu ampumzishe. Lakini aliniweka dukani. Toka niolewe sijalala mchana bila mtu kuja kujaribu bawaba. Sijakaa na khanga moja hata siku ya joto. Nimewanyonyesha nyinyi nimegeukia ukutani. Hata siku tunarudi kumzika, mtu aliingia kuuliza kitasa. Hakuna aliyewahi kupiga hodi kwangu, dukani hapapigwi hodi. Na nyinyi mnataka kuteseka miaka mitano ili niendelee?"

Nikamwuliza sasa yeye anataka nini. Akasema vyumba viwili vya kupanga karibu na karakana, mahali pasipo na ngazi, na mlango mmoja tu wa kuingilia. Mlango usiouzwa. Akasema pia nitoke kiwandani kesho yake, kwamba hakuzaa mtoto akamsomesha ufundi ili aitwe "wewe."

Yule mkunga na mumewe ndio wametoa bei nzuri. Mama anasema bado wanaweza kupanda kidogo, tumwachie yeye. Mfilisi ameomba radhi na kusema bei ile inatosha kila mtu, nusu yako itakuwa salama na mashine hazitaguswa. Karatasi zimo ndani ya bahasha hii, mahali pa sahihi nimetia alama kwa penseli.

Nilimwuliza Mama nikuandikie nini kuhusu chumba chako. Alifikiri sana. Akasema nikwambie kwamba chumba ulikiacha wewe, yeye hukumwacha.

Fanya haraka, Dada.

Randa


2 Julai

Randa,

Karatasi hizi hapa, zimetiwa sahihi. Ukiona wino umetawanyika kwenye ukurasa wa pili, waambie ni mvuke wa mashine.

Nililia kama nilivyoahidi. Nililia tena kwa ajili ya ile khanga moja ya Mama, Randa. Mimi ni binti yake, nimekaa nyumba ile hadi utu uzima, nimecheka na kuchekesha watu kwa habari za wateja wanaofungua milango, na sikuwahi kujiuliza aliyekuwa nyuma ya mlango ni nani. Siku hizi nikianza kuwasimulia wenzangu naishia njiani.

Mwambie Mama namwamkia. Mwambie asiwakamue sana wale watu, wana watoto. Na nusu yangu, toa humo kodi ya vyumba vya mwaka mzima, na usibishane nami.

Desemba nina likizo. Nitakuja. Sijui nitakuja wapi, lakini nitakuja.

Dada


15 Septemba

Dada mpendwa,

Shikamoo toka makazi mapya. Tuna vyumba viwili, sakafu tambarare, jiko dogo, na dirisha linaloangalia ukuta wa karakana. Goti la Mama limepona bila dawa, na anakataa katakata kwamba lilikuwa linaumwa. Mkunga na familia yake wameingia kule. Nimepita mara moja kuwarekebishia komeo, nyumba imejaa nguo za watoto na imependeza. Nilisimama kidogo kwenye chumba chako. Wamemweka humo binti yao mkubwa. Ameninyooshea kidole akasema nimesahau kubisha. Nikamwomba radhi.

Karakana inakwenda polepole. Deni limefutika, mfilisi amekuja mwenyewe kuniaga na ameagiza meza. Nimeipima kwa tepu, nikaipima tena, nikamwita fundi baiskeli naye akaipima.

Sasa nikueleze ya hapa, maana ndiyo niliyokusudia kukuandikia.

Mlango wetu wa mbele nimeutengeneza mimi, mbao nzito, kitasa kimoja, na ndani komeo la kufunga. Ufunguo mmoja ninao mimi, mwingine Mama anautembeza umefungwa kwenye pindo la khanga. Jumanne ya kwanza alikuja jirani, mama mmoja wa makamo, kutukaribisha mtaani. Mimi nilikuwa nakula. Nikasikia, "Hodi." Nikainuka. Mama akaninyooshea mkono nikae.

Tukakaa. Yule mama akasema tena, "Hodi hapa." Mama alikuwa kitini, miguu ameinyoosha, khanga imemlegea begani, macho ameyafumba. Alikuwa anatabasamu, Dada. Nikamnong'oneza, Mama, mgeni yupo nje. Akasema, "Namsikia. Mwache aseme ya tatu."

Ikaja ya tatu. Akajifunga khanga vizuri, taratibu, akainuka, akasema karibu, na akafungua mwenyewe. Sasa ndiyo kawaida yake. Mtaa mzima wameshajua kwamba kwa mama seremala unabisha mara tatu, wanadhani masikio yake yamechoka.

Kitanda chako nimekiweka chumbani kwake, upande wa dirishani, amesema mwenyewe kiwe hapo. Desemba ukifika hutapotea, uliza karakana, mlango ni wa kwanza mkono wa kulia. Usisukume. Simama nje na mizigo yako, piga hodi, na uwe na subira, maana wewe najua atakungojesha kuliko wote. Atataka kukusikia vizuri kabla hajakwambia karibu.

Mdogo wako,
Randa